Ubao wa Marehemu

Kabla macho hayajamtupa mkono, Fundi Digrii alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Ungemletea kompyuta inayochemka, angeifungua ubavu, angegusa mabomba ya kipozeo kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa, kisha angesema, "Sitini na mbili." Ukitazama programu ya kupima joto, ni sitini na mbili kweli. Ndiyo maana tulimwita Digrii, na jina hilo alilipenda. Majina ya wengine wote aliyatoa yeye, na hayo hakuna aliyeyapenda.

Mimi alinipa Siagi. Wiki yangu ya kwanza pale karakana nilipaka pesti nyingi kupita kiasi. Pesti ni ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na kipozeo chake ili joto lipite vizuri, na punje moja ya mchele inatosha. Mimi niliijaza hadi ikachuruzika pembeni. Digrii aliwaita mafundi wote pamoja na wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Njooni mumwone mpishi," akasema. "Anadhani huu ni mkate." Walicheka hadi mteja mmoja akafuta machozi.

Miaka tisa imepita. Mume wangu akikasirika ananiita Siagi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kukanyaga karakana, hunitambulisha kwa wageni kama Mama Siagi. Binti yangu akiingia darasani wenzake wanauliza mkate uko wapi. Nilizaliwa nikapewa jina la bibi yangu, jina zuri, nalo sasa limebaki kwenye vyeti tu. Nayasema haya mapema ili ukitaka kunihukumu, unihukumu ukiwa unajua.

Karakana yetu iko ghorofa ya chini, milango miwili kutoka duka la miwani. Ndani kuna meza tatu. Meza kuu iko chini ya dirisha, na ndiyo iliyokuwa ya Digrii, pamoja na kiti chake cha kuzunguka, chenye magurudumu, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia hata akienda msalani. Juu ya meza hiyo, ukutani, ulining'inia ubao wa marehemu. Prosesa yoyote iliyofia mikononi mwa fundi iligundishwa hapo, na chini yake karatasi ndogo yenye jina la aliyeiua na tarehe ya kifo. Karatasi iliandikwa na fundi mwingine. Aliyeua alisimama mbele ya wote akasoma karatasi yake kwa sauti, ndipo kazi iendelee.

Sheria hiyo aliitunga Digrii mwenyewe. Mimi nilikuwa na marehemu wawili. Kipara, ambaye kazi yake ni printa na hakupaswa hata kusogelea prosesa, alikuwa naye mmoja. Digrii, katika miaka ishirini na sita, hakuwa na hata mmoja, na kila fundi mpya alioneshwa ubao ule siku ya kwanza ili alione pengo hilo.

Na alistahili kujivuna, sitamnyima. Watu walimletea mashine zao azipandishe kasi kupita ile ya kiwandani, na yeye alijua kutafuta mwisho wa prosesa bila kuivunja. Alipandisha hatua moja, akaipa kazi ngumu kwa saa nzima, akaandika daftarini. Akapandisha nyingine. Mashine ikijizima, hakukimbilia kubadilisha vitu ovyo. Aliuliza maswali matatu kwa mpangilio uleule kila siku: ni joto, ni umeme, au ni kiumbe mwenyewe, yaani prosesa? Alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alisema prosesa mbili za aina moja, kutoka sanduku moja, hazilingani. Moja itafika gigahezi tano ikitabasamu, na pacha wake atazimia kwenye nne na nusu, na huwezi kumpiga fimbo akakimbia. Ukishapata mwisho wake, rudi hatua mbili nyuma, mwache aishi.

Hayo yote alinifundisha. Alinifundisha huku akinitukana, lakini alinifundisha.

Kisha macho yakaanza kumpotea. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Hakumwambia mtu. Alianza kushika skrubu karibu na pua. Alianza kuniita kila mashine inapowaka: "Siagi, njoo. Soma hapo, nikusikie unajua." Nami nilisimama kando yake nikasoma joto, nikasoma volti, nikasoma kasi, mbele ya wateja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanzoni nilidhani ananipima. Baada ya mwaka nilielewa kwamba mimi ndiye nilikuwa macho yake. Ilinichoma zaidi, kwamba mtu anaweza kukutumia macho yako na bado akakuita Siagi.

Bosi wetu ni mjane wa mwenye karakana, mwanamke asiyepoteza maneno. Aliona makosa yakianza kutokea. Waya umechomekwa kwa nguvu pasipo pake. Mteja mmoja karudisha mashine mara mbili. Ijumaa moja akatuita mimi na Digrii ofisini kwake, hakutukaribisha kuketi.

"Fundi," akasema, "Msanifu analeta kompyuta yake Jumatatu. Anachora majengo, na picha zake zinamchukua siku nzima kutoka. Anataka prosesa ifike tano, kama ulivyomfanyia rafiki yake. Ikifika kufikia Ijumaa, kiti ni chako mpaka uchoke mwenyewe. Isipofika, utahamia kaunta ukapokee mizigo, na meza atakalia Siagi."

Digrii alinigeukia. Sijui aliona nini, pengine kivuli chenye umbo langu. "Huyu?" akauliza. "Karakana itanuka mkate."

Bosi hakucheka. Mimi nilijichekea kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajui aweke wapi uso wake.

Jumatatu Msanifu akaleta mashine, pamoja na kipozeo kipya bado kimo kwenye sanduku lake, kikubwa, cha feni mbili. Digrii alitaka kukifunga mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kulia kwake na bisibisi mkononi. Alikitoa, akakipindua, na pale chini, kwenye uso wa chuma unaokaa juu ya prosesa, niliiona nailoni. Viwanda huweka kikaratasi cha nailoni inayoonyesha ng'ambo hapo ili chuma kisikwaruzwe njiani. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu: ondoa kabla ya kufunga. Mtu mwenye macho hawezi kuikosa.

Nikafungua mdomo. "Fundi, hapo chini..."

"Siagi, hapa hakuna chai," akasema. "Nyamaza, na utoe mikono yako mezani."

Nikafunga mdomo. Akadondosha pesti yake, punje moja ya mchele, katikati kabisa kwa kupapasa, akakikalisha kipozeo na nailoni yake, akakaza skrubu nne kwa zamu kama inavyotakiwa. Ilikuwa kazi safi sana. Mimi nikampa bisibisi ya pili alipoiomba.

Nilijiambia nitamwambia akimaliza hasira. Ukweli ni kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa hivyo siku zote.

Kuanzia hapo mashine ikamkataa. Kwenye kasi yake ya kiwandani tu, joto lilifika tisini. Alipopandisha hadi nne nukta tano, programu ilionyesha tisini na saba, na prosesa ikajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Digrii akaniita nisome. Nikasoma, tisini na saba. Akaingiza mkono, akagusa mabomba ya kipozeo kwa mgongo wa kiganja, akakunja uso.

"Thelathini na nane," akasema.

Wote wawili tulikuwa sahihi. Joto lilikuwa linafukuta chini ya nailoni na halikupanda juu. Fundi yeyote anajua maana ya prosesa kuchemka na mabomba kupoa: katikati hapo kuna kitu kinaziba. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini mtu aliyeamini mkono wake kwa miaka ishirini na sita, na ambaye mkono huo ndio pekee uliombakia, hawezi kuambiwa kwamba umemwonyesha nusu ya habari. Jibu lake likawa kwamba programu inadanganya.

Jumanne alitafuta kwa umeme. Alibadilisha pawasaplai, hali ikawa ileile. Akapunguza kasi ya ramu, akachomoa moja, akaijaribu nyingine. Akashusha volti kidogo, akapandisha kidogo, daftari likajaa herufi kubwa zilizopanda milima na kushuka mabonde. Kipara alipita na kikombe chake akaniuliza kwa macho kuna nini. Nikainua mabega.

Jumatano alifungua kipozeo. Hapo nikajua yamekwisha, atagundua, na nakiri nilihisi nimetuliwa mzigo. Alifuta pesti kwa spiriti, akapitisha kidole gumba juu ya ule uso. Vidole vyake vilishaungua kwa lehemu mara mia, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino. Akapitisha tena polepole.

"Kioo," akasema, ameridhika. "Laini kama kioo."

Maandishi mekundu yalikuwa yananitazama mimi. Akadondosha punje nyingine ya pesti, akakifunga tena. Siku ile sikula mchana. Nilikwenda nikasimama mbele ya duka la miwani, nikatazama herufi za kupimia macho dirishani, kubwa juu, ndogo chini, na nikazisoma zote hadi mstari wa mwisho. Kisha nikarudi kazini.

Alhamisi asubuhi alitoa uamuzi. Si umeme. Si kiumbe mwenyewe, kwa sababu prosesa haijawahi hata kupewa nafasi. Ni kile kipimajoto kilichomo ndani ya prosesa ambacho ni kibovu, kinaripoti moto usiokuwepo, na mashine inajiogopa bure. Akaingia kwenye bayosi, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, nikimsomea mstari kwa mstari, akaniamuru nizime ulinzi wa joto na kusukuma kikomo hadi mwisho ambapo bodi iliruhusu. Akaongeza volti kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe angemtukania mtu.

"Fundi, ulinzi ukizimwa..." nikasema.

"Nani anajua, mimi au hiyo programu?"

Nikauzima. Mashine ikafika gigahezi tano.

"Soma, nikusikie unajua."

"Tano kamili, Fundi. Joto mia moja na moja."

Akagusa mabomba. "Arobaini," akasema, na akatabasamu. Bosi alikuja akasimama mlangoni. Dakika ya nne nikasoma mia moja na tano. Dakika ya nane, mia moja na tisa. Sikumdanganya namba hata moja. Hilo ndilo nililojishikilia siku ile, na ndilo ninalojishikilia hadi leo, ingawa halishikiki. Yeye aliegemea kiti chake, mikono nyuma ya kichwa, akaanza kumsimulia Bosi jinsi programu za siku hizi zinavyowatia watu hofu.

Dakika ya kumi na moja skrini ikawa nyeusi. Feni ziliendelea kuzunguka. Aliiwasha tena, haikuwaka. Akaiwasha tena. Harufu ya kuungua hata Kipara aliisikia akiwa kwenye printa zake.

Msanifu aliitwa kwa simu akaja mchana. Bosi akasema mashine ifunguliwe mbele yake, na aifungue Siagi. Nilikilegeza kipozeo, nikakipindua, na nailoni ikaonekana kwa kila mtu, imejikunja katikati, imekuwa rangi ya chai, maandishi mekundu bado yanasomeka. Msanifu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekasirika. Kipara akafuata. Niliibandua ile nailoni kwa kucha mbili nikainyanyua juu.

"Ni nini?" Digrii akauliza. "Nini hicho?"

"Ni nailoni, Fundi," nikasema. "Haikuondolewa."

Alinyoosha mkono nikampa. Akaishika, akaisugua kati ya vidole, akaisogeza puani, akaitazama kwa jicho moja kisha jingine. Kila mtu pale ndani aliona kwamba haoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mara nyingine huumbuliwa na kitu chepesi kuliko kifo. Bosi aliinamisha kichwa. Ningependa kukuambia kwamba nilisikia uchungu. Nilisikia utamu kwanza, kisha uchungu, na utamu ulidumu hadi jioni.

Kisha kukaja suala la ubao. Bosi alisema tuache, mzee wa watu. Lakini Digrii akasema hapana, sheria ni sheria, Siagi aandike. Nikaandika, nikabandika, prosesa ikagundishwa kwenye lile pengo. Akasimama mbele ya karatasi, pua karibu iguse ukuta, na akasoma kwa sauti nzito:

"Prosesa ya Msanifu. Aliyeua, Digrii. Alhamisi, tarehe saba."

Alikuwa anakisia. Hayo ndiyo aliyotarajia yawepo. Nilitazama karatasi kwa nyuma ya bega lake, na hapo ndipo nilipoona nilichoandika. Mkono wangu ulikuwa umeandika Jumatatu, tarehe nne. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Nikaiacha.

Ijumaa mke wake, fundi cherehani, alikuja kumsaidia kubeba vitu vyake kutoka meza kuu hadi kaunta, hatua kumi na tano tu. Alipomaliza alinivuta pembeni, akanishika mikono miwili.

"Binti yangu, asante," akasema. "Ananiambia kila siku, 'Mama, bila yule binti wa pale kazini ningeshafukuzwa zamani.' Anasema una macho na una kichwa. Najua kwa mdomo wake huwezi kuyasikia."

Nilimjibu kwamba hakuna shida, Mama. Nilimsindikiza hadi mlangoni. Niliporudi nikakalia kile kiti, kikazunguka kidogo, na Kipara akaniuliza sasa mzee tumwite nani, maana Digrii tena haiwezekani. Mkuki kwa nguruwe. Nikasema, "Mwiteni Nailoni." Jina likashika siku ileile. Mwisho wa mwezi wateja walikuwa wanalijua, na wapya hawakujua kama kuna jingine.

Yeye aliitika. Alikaa kaunta, akapokea mizigo, akafunga vikaratasi kwenye nyaya kwa kupapasa. Hakuwahi kuniambia neno baya tena. Kusema kweli hakuwahi kuniambia neno lolote, zaidi ya "mzigo wako huu".

Miezi mitatu baadaye alifanyiwa upasuaji, jicho moja kisha la pili. Alirudi Jumatano asubuhi, tukiwa wote ndani. Alisimama mlangoni akatazama huku na huku kwa muda.

"Kumbe huu ukuta mliupaka kijani," akasema. "Nani aliwaruhusu?"

Tulicheka, hata Bosi. Akatembea taratibu, akaisoma kalenda, akayasoma majina kwenye madroo, akafika meza kuu. Nikasimama kumpisha. Hakunitazama. Aliinua uso kwenye ubao wa marehemu, akiwa mbali nao kwa hatua mbili nzima, na akakaa hivyo hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"Siagi," akasema.

"Naam, Fundi."

"Soma hapo, nikusikie unajua."

Hakuhitaji kuoneshea kidole. "Prosesa ya Msanifu," nikasoma. "Aliyeua, Digrii."

"Endelea."

"Jumatatu, tarehe nne."

"Ilikufa lini?"

"Alhamisi, Fundi."

"Alhamisi," akasema. "Sote tulikuwepo." Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaifungua, akaniwekea kiganjani. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na mimi nilikuwa nautamani ukali ule. "Karatasi ina kosa. Ama tarehe, ama jina. Mwandishi ni wewe, mimi sijui. Rekebisha."

Kipara alikuwa ameizima printa. Bosi alinitazama, kisha akautazama ubao, na nikaona anaanza kuhesabu siku. Nilipanda juu ya kigoda. Karatasi ilikuwa ndogo, na mkono wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nikaikata Jumatatu kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika Alhamisi, tarehe saba.

Digrii alisoma kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Sikuwahi kujua." Akachukua kalamu yake, akaifunika, akaenda kukaa kaunta.

Mteja wa kwanza aliingia na kompyuta kifuani, akauliza kama hapa ndipo kwa Nailoni.

"Ndipo," Digrii akamjibu. "Lete nione."